Gari la Chama Linapotetemeka Asubuhi: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Katika uwanda wa juu wa kati, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, alfajiri za Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni huwa na baridi ambayo wageni kutoka pwani hawaitarajii. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika Juni na Julai joto la alfajiri hushuka mara kwa mara hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mavuno. Alizeti, mtama na ufuta hukusanywa, maghala hufunguliwa, na gari la chama, kwa chama kilichojaliwa kuwa nalo, hutakiwa kuondoka kabla jua halijapanda.

Ndipo kasoro moja inayojulikana sana hujitokeza. Dereva hupiga stata kwa muda mrefu kuliko kawaida. Injini huwaka, lakini hutetemeka na kumisi, na mguu ukiondolewa kwenye mafuta huzimika. Baada ya dakika tatu au tano za kubembelezwa, injini hutulia, gari huondoka, na mchana kutwa halina tatizo lolote. Kesho alfajiri mambo huwa yale yale.

Ugumu wa kasoro hii unatokana na saa inapojitokeza. Gari hutoka kijijini, huenda kilomita 40 au 60 hadi kwenye gereji mjini, na hufika injini ikiwa moto. Fundi hufungua boneti na kusikiliza, asisikie kitu. Dereva hushikilia kwamba asubuhi gari lilisumbua. Kwa kuwa hapana budi jambo fulani lifanyike ili safari isiwe bure, plagi hubadilishwa. Wiki ya pili hubadilishwa pampu ya mafuta, na wiki ya tatu fundi huandika makadirio ya nozeli nne. Kila safari hati ya malipo hupelekwa kwa katibu, naye hutia sahihi, kwa sababu hana neno la kumwuliza fundi. Fedha hizo ni za wanachama, na zimetoka kwenye kilo za alizeti zilizobebwa kichwani hadi mizanini.

Somo hili halikusudii kumfanya katibu awe fundi makanika. Linakusudia kumwezesha kujua maswali ya kuuliza, na kujua ni kipimo gani kionyeshwe kabla ya kipuri kununuliwa.

Magari yanayohusika

Yanayozungumzwa hapa ni magari ya petroli yenye nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, hasa yale yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1985 na 2000 hivi: Toyota Corolla, Carina, RAV4, Noah, na baadhi ya Hilux na Hiace. Magari ya dizeli yana mambo yake, kwani kuna plagi za kupasha joto na pampu ya shinikizo kubwa, nayo hayaingii katika somo hili.

Nozeli katika gari la petroli si jambo jipya katika nchi hii. Wazee watakumbuka Peugeot 504 iliyoandikwa "Injection" katika miaka ya 1970, ambayo ilisukuma petroli kwa pampu ya chuma isiyokuwa na umeme wa kuiongoza. Mfumo unaoongozwa na umeme ulianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1967, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipoufunga katika Volkswagen 1600. Toyota na wengine waliufuata na kuuendeleza. Msingi wake haujabadilika: kompyuta hupokea habari kutoka kwa sensa mbalimbali, kisha huamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Habari zikiwa za uongo, uamuzi nao huwa mbovu, hata kama nozeli ni nzima kabisa.

Mahitaji ya injini baridi

Petroli haiwaki vizuri ikiwa matone. Sharti igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Injini ikiwa moto jambo hilo hutokea lenyewe, lakini injini ikiwa baridi sehemu ya petroli hushika kwenye kuta za njia ya hewa, kama mvuke unavyoganda chini ya mfuniko wa sufuria ulio baridi. Kwa hiyo injini baridi huhitaji petroli nyingi zaidi ili ile inayofika kwenye cheche itoshe. Huhitaji pia hewa zaidi, kwa sababu oili ni nzito asubuhi na vyuma vinasuguana kwa nguvu.

Katika magari ya kabureta kazi hiyo ilifanywa na choki, na dereva mwenyewe aliivuta kwa mkono. Katika magari ya nozeli hakuna choki ya kuvuta. Sensa ya joto la maji huiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, kompyuta huongeza muda wa nozeli kufunguka, na valvu ndogo iliyo kando ya mlango wa hewa hufunguka ili kupandisha mizunguko ya injini iliyosimama, ambayo mafundi huiita sailensi. Gari zima likiwashwa asubuhi huanza kwa mizunguko ipatayo 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kisha hushuka polepole hadi 700 au 800 injini inapopata moto. Katika baadhi ya injini za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna pia nozeli ya tano, ambayo kazi yake ni kunyunyiza petroli ya ziada wakati wa kupiga stata tu.

Basi gari likisumbua wakati wa baridi na kutulia likipata moto, yafaa kuuliza kwanza: ni nini kinachotofautisha injini hii saa kumi na mbili asubuhi na injini ile ile saa nne? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya vipuri kwenye orodha ya fundi. Chujio la mafuta lililoziba, kwa mfano, husumbua zaidi gari linapopanda mlima na mzigo, na sailensi ya asubuhi ni mahali pa mwisho pa kulitafuta.

Daftari la dereva na usiku mmoja gereji

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni daftari na kalamu. Dereva aandike kwa asubuhi tano mfululizo: alipiga stata kwa sekunde ngapi, injini ilitetemeka kwa dakika ngapi, mguu ukikanyaga kidogo ilitulia au ilizidi kumisi, moshi ulikuwa wa rangi gani, palikuwa na harufu ya petroli mbichi au hapana, maji ya rejeta yalipungua au hayakupungua, mafuta yaliyomo yalinunuliwa wapi. Gari likilala mchana kutwa na kuwashwa jioni, iandikwe pia lilivyowaka. Dereva ndiye mtu pekee aliyeiona kasoro, na bila daftari ushahidi wake humfikia fundi kwa neno moja tu, yaani "linasumbua".

Jambo la pili ni kuliacha gari lilale gereji. Fundi alikute baridi, apime kabla ya kuwasha, na awepo linapowashwa. Vyama vingi hukataa kwa sababu ya posho ya dereva ya kulala mjini. Posho ya usiku mmoja haiwezi kufikia bei ya nozeli nne, na hoja hiyo yatosha kumaliza mjadala katika kamati.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Gari lisiachwe likinguruma ndani ya ghala au banda lililofungwa kwa kisingizio cha kulipasha moto. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Yanayotazamwa bila gharama

Maji ya rejeta yatazamwe injini ikiwa baridi. Katika injini nyingi za Toyota za wakati ule maji ya moto hupita pia kwenye valvu ya sailensi, na baadhi ya valvu hizo hufunguka na kufunga kwa nguvu ya nta inayotanuka kwa joto. Maji yakipungua hewa huingia mahali pake, nayo valvu haijui tena injini ina joto gani. Sailensi hupanda na kushuka kama mtu anayehema. Fundi asiyejua hilo atauza valvu mpya, na gari litaendelea kuhema hadi maji yajazwe na hewa itolewe.

Vichwa vya betri vitazamwe kama vina kutu. Betri dhaifu huzungusha stata pole pole na kuzinyima plagi nguvu ya cheche, na baridi huzidisha udhaifu huo.

Halafu chujio la hewa na mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio kuelekea mlango wa hewa. Hapa ndipo vumbi la kati linapodai haki yake. Katika barabara zisizo na lami za Bahi, Chamwino au Kondoa chujio linaweza kujaa mapema sana kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwani kitabu kiliandikwa kwa kufikiria barabara za Japani. Mpira mkubwa nao hukakamaa kwa jua na kupasuka kwenye mikunjo, mahali ambapo jicho halioni mpaka mpira uinamishwe kwa mkono. Hewa inayoingia kwenye ufa imepita nje ya kipima hewa, kompyuta haina habari nayo, na petroli hutolewa pungufu. Injini moto huweza kuvumilia upungufu huo. Injini baridi haiwezi.

Mipira midogo ya vakyumu ichunguzwe vivyo hivyo, mmoja mmoja. Ukibanwa kwa koleo taratibu na mngurumo ukabadilika kuwa mzuri, mtuhumiwa amepatikana. Gasketi ya njia ya hewa huvuja zaidi ikiwa baridi, kwa sababu vyuma vimesinyaa. Joto likipanda nafasi hujifunga na ushahidi kupotea. Ili kuitambua, maji ya sabuni hupakwa kwa brashi kwenye maungio injini ikinguruma, na mahali panapofyonza povu ndipo penye ufa. Wapo mafundi wanaonyunyiza petroli badala ya maji ya sabuni ili wasikie injini ikipanda. Hilo likatazwe kabisa. Petroli juu ya eksozi ya moto, karibu na waya za cheche, imekwisha kuteketeza magari na kuunguza watu, na chama hakina sababu ya kumruhusu mtu afanye hivyo kwenye mali yake.

Mafundi wanaopima vakyumu kwa geji wakumbuke pia mwinuko. Namba za vitabuni ni za usawa wa bahari. Dodoma hewa ni nyepesi, na injini nzima itasoma pungufu kwa inchi tatu au zaidi kidogo za zebaki. Si haki kuihukumu injini kwa kosa la mlima.

Sensa ya joto la maji

Sehemu hii yastahili kusomwa polepole, kwa sababu sensa hii ni ndogo, bei yake ni ndogo ikilinganishwa na nozeli au pampu, na katika malalamiko ya asubuhi ni miongoni mwa wa kwanza kushukiwa.

Katika injini nyingi za Toyota kuna sensa mbili za joto zilizokaa karibu. Moja huwa na waya mmoja, nayo hupeleka habari kwenye geji ya dereva tu. Nyingine ina waya mbili, nayo ndiyo inayozungumza na kompyuta. Mara nyingi fundi huambiwa "sensa ya joto", akabadilisha ile ya geji, akaandika risiti, na gari likabaki lilivyokuwa. Katibu anapoona "sensa ya joto" kwenye hati ya malipo, aulize: ya waya mmoja au ya waya mbili?

Sensa ya waya mbili hupimwa kwa mita ya umeme. Waya huchomolewa na upinzani hupimwa kwa omu. Kwa magari hayo ya Toyota kipimo cha kawaida katika nyuzi 20 ni omu 2,000 hadi 3,000, na katika nyuzi 80 ni omu 200 hadi 400. Alfajiri ya Julai yenye nyuzi 14 mtu hutarajia omu kama 3,000 hivi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo omu zinavyopungua. Fundi anaweza kuifungua sensa na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemshwa, akaandika omu kila baada ya muda. Namba zinapaswa kushuka kwa utaratibu, bila kuruka wala kusimama.

Ikiwa sensa inasoma omu 400 injini ikiwa baridi, kompyuta inaamini kwamba injini ni moto. Haitoi petroli ya ziada, na gari hutetemeka hadi ukweli ufanane na uongo, yaani hadi injini ipate moto kweli. Ikiwa kinyume chake sensa inasoma omu 5,000 hata mchana, gari litawaka vizuri asubuhi, lakini litatoa moshi mweusi, litakunywa petroli na kuzichafua plagi.

Hapa lazima lielezwe jambo linalowapotosha wengi. Magari haya yana taa ya injini kwenye dashibodi, na kompyuta huhifadhi namba za makosa. Katika Toyota za kabla ya mashine za kisasa za kupimia, fundi huunganisha kwa waya vituo viwili vilivyoandikwa TE1 na E1 katika kisanduku kidogo chini ya boneti, hufungua swichi bila kuwasha injini, na kuhesabu taa inavyopepesa. Mipepeso miwili, kisha mapumziko, kisha miwili, ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji. Namba 31 ni kipima hewa, na 41 ni sensa ya mlango wa hewa. Taa ikipepesa haraka haraka bila mapumziko, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kazi hiyo ifanywe na anayejua vituo hivyo, kwani kuunganisha vituo visivyo vyenyewe kwaweza kuiunguza kompyuta.

Lakini kompyuta huhesabu kosa pale tu waya unapokatika au kugusana. Sensa inayosema uongo wa wastani haihesabiwi kuwa na kosa. Kwa hiyo fundi akisema "mashine haionyeshi kitu, basi ni nozeli", amefanya haraka. Mashine kutoonyesha kitu kuna maana moja tu, kwamba waya hazijakatika; omu bado hazijapimwa.

Thamostati iliyotupwa

Kuna desturi ya kutoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na injini haihitaji kuzuiwa isipoe. Desturi hiyo imeenea mno na ni mbaya. Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake wa kazi. Ikitolewa, maji huzunguka tangu mwanzo, na asubuhi ya Julai injini hukaa katika hali ya baridi kwa muda mrefu mara kadhaa kuliko inavyotakiwa. Kasoro ambayo ingedumu dakika mbili hudumu kumi. Petroli ya ziada huendelea kumiminwa, sehemu yake huosha oili kwenye kuta za silinda, na injini huchakaa. Ikiwa gari lilikuwa likichemka kabla ya thamostati kutolewa, rejeta au pampu ya maji ndiyo ingetengenezwa. Katibu anaweza kutambua bila kufungua kitu: geji ya joto ikibaki chini baada ya kilomita 15 za mwendo wa asubuhi, aulize kama thamostati ipo.

Mlango wa hewa na valvu ya sailensi

Vumbi laini lililopita kwenye chujio bovu huchanganyika na mvuke wa oili, likafanya utando mweusi kwenye mlango wa hewa na kwenye tundu la valvu ya sailensi. Dalili yake ni ya wazi: injini huzimika mguu ukitolewa, lakini mguu ukikanyaga kidogo tu hutulia kabisa. Maana yake petroli na cheche vipo, kinachokosekana ni hewa. Dawa ni kusafisha kwa dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa, kazi ya saa moja.

Badala yake mafundi wengi hupandisha sailensi kwa kukaza skrubu inayozuia mlango wa hewa usifunge kabisa. Gari haliizimikii tena asubuhi ya siku hiyo. Likipata moto hunguruma kwa mizunguko 1,300, hula petroli katika kila foleni ya mizani, na breki hulazimika kulizuia. Skrubu hiyo huwekwa kiwandani na haikukusudiwa kuguswa. Ikiwa ina alama za bisibisi, mtu amekwisha pita hapo.

Plagi, waya na petroli

Plagi zitolewe mara tu baada ya injini kumisi, kabla haijapata moto, na zipangwe kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi moja ikiwa imelowa na tatu zimekauka, tatizo ni la silinda moja: plagi hiyo, waya wake au nozeli yake. Zote nne zikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi. Zikiwa nyeupe, petroli imepungua au hewa imezidi. Nafasi ya cheche hutegemea injini, aghalabu kati ya milimeta 0.8 na 1.1, na kitabu cha gari ndicho cha kuaminiwa. Waya za plagi katika Toyota hizo hazitakiwi kuzidi omu 25,000 kila mmoja. Umande wa alfajiri hudhihirisha waya zilizochoka: boneti ikifunguliwa gizani injini ikinguruma, vicheche vya buluu huonekana vikirukaruka kwenye waya mbovu.

Stata ikihitaji kupigwa kwa muda mrefu kila asubuhi, lakini injini ikishawaka haimisi, shinikizo la petroli limevuja usiku. Katika magari hayo shinikizo hupimwa kwa geji, na mpira wa vakyumu wa kirekebishi ukiwa umechomolewa husoma kilo 2.7 hadi 3.1 kwa sentimita mraba. Shinikizo likishuka upesi baada ya injini kuzimwa, ama kizuizi kilicho ndani ya pampu kinavuja au nozeli inadondosha. Nozeli inayodondosha hutambulika kwa harufu ya petroli na moshi mweusi wa sekunde chache asubuhi. Hapo, na hapo tu, mazungumzo ya nozeli yana haki ya kuanza.

Vyama vilivyo mbali na vituo vya mafuta huhifadhi petroli kwenye mapipa. Pipa lisilojaa hukusanya unyevu usiku, na maji hukaa chini ambako bomba hunyonya. Chukua petroli ya chini ya pipa katika chupa nyeupe ya kioo, iache itulie. Maji yatajitenga chini. Kuhusu petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hali ilikuwa mbaya sana kabla ya 2010, mafuta yalipoanza kuwekwa vinasaba, na kabla ya kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011. Faida ya uchakachuaji ilipungua, lakini petroli ya chupa kando ya barabara haina mdhamini hata leo.

Dalili isiyongoja

Gari likimisi kwa nusu dakika kila asubuhi, likatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, na maji yakawa yanapungua bila kuonekana yanapovujia, maji yanaingia ndani ya silinda usiku kupitia gasketi ya kichwa. Gari lisitumwe safari ya mbali. Gasketi iliyotambuliwa mapema hubadilishwa. Iliyopuuzwa huharibu kichwa cha silinda, na pengine injini nzima.

Hati ya malipo

Mkaguzi wa COASCO hutazama idhini, makadirio na risiti. Hawezi kujua kama kipuri kilihitajika. Chama chenyewe ndicho kinachoweza kujiwekea utaratibu kwamba hakuna kipuri cha injini kitakacholipiwa bila kipimo kuandikwa kwenye makadirio: omu ngapi, shinikizo kiasi gani, plagi ya silinda ya ngapi. Kipuri cha zamani nacho kirudishwe ghalani kikiwa na kibandiko cha tarehe. Fundi mwema hatachukia, kwa kuwa ndivyo anavyofanya kazi siku zote.

Kongwa ina funzo lake katika jambo hili. Mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta mengi yaliyokwisha tumika, yakafika kabla ya karakana na mafundi wa kuyatunza kuwa tayari, na mengi yakaharibika mapema. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Haikuwa sababu pekee, kwani ardhi na mvua navyo vilikataa, lakini chuma kilichonunuliwa bila ujuzi wa kukihoji kilichukua sehemu yake.

Zoezi la kikundi

Gari la petroli la mwaka 1996 linalala nje ya ghala. Alfajiri joto ni nyuzi 14. Sensa ya waya mbili inasoma omu 2,900 ikiwa baridi na 300 ikiwa moto. Maji yamejaa, mipira haina nyufa, thamostati ipo. Injini huwaka kwa sekunde mbili, haitoi moshi, huzunguka mara 500 kwa dakika na kuzimika. Dereva akikanyaga mafuta kidogo hutulia bila kumisi. Skrubu ya mlango wa hewa ina alama mpya za bisibisi. Makadirio yaliyoletwa kwa katibu yanasema: nozeli nne na pampu ya mafuta. Wanakikundi wajadili ni sehemu gani ichunguzwe kwanza, ni vipimo gani fundi hakuvifanya, kisha waandike barua ya katibu kumjibu.